Ami, bahasha ile ilikuwa ya nani?

Ami yangu,

Salaam aleikum. Jana uliondoka barazani ukaacha kahawa yako yafuka moshi, eti kwa sababu nilisema mbunge si baba wa mtaa. Nakujibu hapa hadharani, ili na wale waliokuwa wakitucheka wasome.

Likitajwa Bunge, wewe hurudi kwa Shariff Nassir tu, mbunge wetu wa zamani hapa Mombasa. Haki yako. Aliingia 1974, mwaka uleule Kiswahili kiliporuhusiwa Bungeni, na kwa ulimi kama wake ilikuwa jahazi limepata kusi. Miaka 28! Mimi nimezaliwa nikamkuta, nikasoma, nikaota ndevu, naye yuko palepale.

Wasema siku zile mwenye shida alijua mlango wa kubisha. Sawa. Lakini CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ulianza 2003. Kabla ya hapo mfuko ulikuwa mbunge mwenyewe, na tangu 1982 hadi 1991 sheria haikuruhusu chama kingine ila KANU, basi nani angethubutu kuuliza kilichomo mfukoni kimetoka wapi? Huo uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wa kupiga kura kwa kupanga foleni, si wewe uliyenihadithia? Kwamba mtu alitazama kwanza jirani yake kapanga nyuma ya nani, ndipo akaamua asimame wapi.

Ukaja uchaguzi wa Desemba 2002. Mzee Nassir alizoea kusema “wapende wasipende”. Eneo bunge lake la Mvita likampenda Najib Balala. Siku mbili hukutoka nje, mkeo akadhani una homa. Mzee Nassir alifariki 2005, hata miaka mitatu nje ya Bunge hakutimiza. Kiti chenyewe alikuja kukikalia mwanawe Abdulswamad mwaka 2013, na sasa ndiye gavana wetu. (Najua hapo ulitabasamu.)

Wanaonitatiza mimi ni wale wanaotoka Bungeni wakabaki na umri mrefu mbele yao. Asiyetimiza vipindi viwili hana pensheni ya Bunge. Mwaka 2020 ulipitishwa mswada wa kuwapa waliokuwa wabunge kati ya 1984 na 2001 shilingi 100,000 kwa mwezi. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Wewe ulihamaki. Mimi nilifurahi, nikasema walikula wakashiba, wangejiwekea akiba.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka nilivyofukuzwa shule nikiwa kidato cha tatu, karo haijalipwa. Ulitoka alfajiri na kanzu yako ya Idi, na Idi ilikuwa mbali. Adhuhuri ukarudi na bahasha. Jumatatu nilikuwa darasani.

Hukuniambia ulikopita asubuhi ile, nami sikuuliza. Nilijua nyumba za watu gani huamkiwa na foleni ya kanzu.

Kesho nakuja baada ya alasiri. Kashata nanunua mimi. Bahasha ile ilikuwa ya nani, Ami?