Asilimia ya ufanano si ushahidi wa wizi: barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

Sisi tunaosimamia na kutahini tasnifu za Kiswahili tunakuomba uvielekeze vyuo viache kukubali au kukataa kazi ya mwanafunzi kwa kutazama peke yake asilimia ya ufanano inayotolewa na Turnitin, programu ya kompyuta inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine.

Programu ile hulinganisha mifuatano ya maneno tu. Anayechambua utenzi hana budi kunukuu. Akiweka beti 40 na kutaja chanzo cha kila moja, ripoti yaweza kumtolea asilimia 30, naye hajaiba kitu. Mwenzake akiitafsiri sura nzima ya nadharia kutoka kitabu cha Kiingereza, asimtaje mwandishi, anaweza kupata asilimia 4 na kupongezwa. Wizi huu ndio unaotuumiza zaidi.

Kuazima kuna adabu yake. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hakuhitaji rejeleo. Umbo la utenzi, mishororo 4 yenye mizani 8 kila mmoja, halina mwenyewe. Lakini hoja, data na mpangilio wa uchambuzi vina mwenyewe, hata ukibadili kila neno. Ukitafsiri, taja kitabu na ukurasa, kisha uandike "tafsiri yangu". Kama kitabu hukukisoma, sema ulikokikuta kimenukuliwa. Wanaonakili marejeleo ya wengine hunakili na makosa yake ya kurasa, na hapo ndipo wanaponaswa.

Msimamizi na aifungue ripoti yenyewe. Aondoe orodha ya marejeleo, nukuu zilizotajwa na mifanano isiyofika maneno 10, halafu atazame chanzo kimoja kimoja: asilimia 6 za aya mfululizo kutoka mahali pamoja ni nzito kuliko 25 zilizotawanyika kwenye vyanzo mia. Rasimu zisihifadhiwe katika hazina ya programu, maana tasnifu ya mwisho itaonekana imenakili rasimu yake yenyewe.

Kwa tafsiri zilizofichwa, achague aya 3 za sura ya nadharia, azirudishe kwa Kiingereza, azitafute mtandaoni. Kisha amwite mwanafunzi amweleze ana kwa ana alivyoifikia hoja. Aliyeifikiri mwenyewe ataieleza, hata kwa kubabaika.

Tunaomba kila ripoti iambatane na maelezo ya msimamizi ya ukurasa mmoja, yenye saini yake, kabla mwanafunzi yeyote hajaitwa mwizi.

Wasimamizi na watahini wa tasnifu za Kiswahili