Mwanangu, Jumatano tupike sahani ishirini

Mwanangu Hamisi,

Jumapili ulipokuja Temeke nilikuona ulivyofunga kompyuta haraka mjomba wako alipoingia. Baadaye ukaniambia umemsainisha rafiki yako karatasi, asije akakuibia wazo lako la kuwapelekea watu wa maofisini Posta chakula cha mchana. Sikukujibu pale kwa sababu ya wageni. Nakujibu sasa.

Wazo hilo, baba, kila mama lishe wa mjini analo. Wapo waliobeba hotpoti kwenda maofisini kabla wewe hujazaliwa. Hata sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu. Huu mwezi wa nne unalificha, na hujauza hata sahani moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Mimi nilianza na wazo la pilau. Niliona mafundi wanajenga ghorofa Kariakoo, nikasema hawa wamechoka na ugali. Siku ya kwanza nilirudi na nusu sufuria. Siku ya tatu fundi mmoja akaniambia, "Mama, pilau lako tamu, lakini saa tisa njaa imesharudi na zege bado lipo." Nikahamia ugali, maharage na dagaa. Jikoni kwangu nisingelijua hilo hata ningekaa nafikiri mwaka mzima. Nikajifunza pia kwamba wali ukifunikwa wa moto sana unatoa jasho na kulowa, na kwamba mafundi wanalipwa Jumamosi, kwa hiyo wiki nzima unapika kwa hela yako huku daftari la madeni linajaa. Mtaji ulinikatikia hapo mara mbili. Jirani yangu aliiga mapishi yangu siku ile ile. Kuamka saa kumi alfajiri kila siku, mvua na jua, hakuweza. Ada yako ilitoka kwenye kuamka huko.

Hata M-Pesa unayoisifu, Wafilipino walikuwa na huduma za hela kwenye simu kabla yake. Ilipojaribiwa Kenya 2005, ilikusudiwa watu walipe marejesho ya mikopo. Watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na wenye mradi wakawafuata. Ilipozinduliwa 2007 ilikuwa huduma ya kutuma hela. Wangeng'ang'ania wazo la mwanzo, sijui kama leo tungekuwa na wakala kila kona ya mtaa.

Sidharau wazo lako. Bila wazo nisingebeba sufuria kwenda Kariakoo. Ila lako bado halijakutana na mtu mwenye njaa.

Jumatano tupike sahani ishirini. Njoo Jumanne jioni na vyombo vya kubebea, tuchambue mchele. Mchuzi tutaufunga peke yake. Na huyo rafiki uliyemsainisha, mlete. Sufuria ni nzito.

Mama yako