Aliyedhulumu arudishe, tena aongeze

Mhariri,

Nipatie nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na Wakristo wenzangu, hasa wahubiri na wanaoongoza vikundi vya kujifunza Biblia. Tunakumbushana kila mara tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu (Yakobo 1:22). Ukumbusho ni mzuri, ila tunauacha hewani. Mtu anatoka ibadani neno limemchoma, na Jumatatu ikifika hajui aanzie wapi. Maandiko mahali pengi yanataja mtu wa kumwendea, kiasi cha kutoa na muda wa kutoa. Hilo liko wazi kabisa katika jambo ambalo mimbarini halisikiki sana: kurudisha ulichodhulumu.

Soma Walawi 6:1-7. Anatajwa aliyekana amana ya mwenzake, aliyenyang'anya, aliyeonea, hata aliyeokota kitu akasema hakukiona. Anatakiwa arudishe chote, aongeze sehemu ya tano, na kumkabidhi mwenye mali siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Aliyechukua 100 anarudisha 120. Kutoka 22 inamhusu mwizi, nayo ni kali zaidi: mnyama akikutwa hai mkononi mwake, analipa wawili, akiwa ameshamchinja au kumuuza, kondoo mmoja analipwa kwa wanne, ng'ombe mmoja kwa watano. Ukizipanga sheria hizi pamoja, unaona kwamba anayejitokeza mwenyewe anabeba mzigo mwepesi kuliko anayesubiri kushikwa. Ndiyo maana Luka 19:8 ina uzito. Hatusomi kwamba Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, alishitakiwa na mtu, lakini alijitwika kurudisha mara nne. Na ile nusu ya mali aliyowapa maskini aliitaja kando. Hakuitumia kuwafidia aliowanyang'anya.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtu amempunja mfanyakazi wake, dhamiri ikimsuta anatoa sadaka nono kanisani na kujiona amemaliza. Hajamaliza. Hesabu 5:7-8 inaweka utaratibu: kwanza aungame, kisha amlipe aliyekosewa, kama huyo hayupo, alipwe jamaa yake wa karibu, jamaa naye asipopatikana, ndipo malipo yaende kwa kuhani. Sadaka imewekwa mwisho wa mstari. Mchungaji anayepokea fedha za namna hiyo bila kuuliza habari za mwenye mali anamsaidia mkosaji kuruka hatua mbili.

Wengine hurudisha kimyakimya, labda kwa kuacha bahasha mezani isiyo na jina. Ni afadhali kuliko kutorudisha, lakini fikiria aliyeibiwa dukani kwake: huenda kwa muda wote huo amekuwa akimshuku kijana asiye na kosa, au hata amemfukuza kazi. Bahasha haimsafishi kijana yule. Ungamo la mhusika linamsafisha, na kijana huyo naye anastahili kuombwa radhi.

Kwa anayetaka kuanza, namshauri achukue daftari aandike kila deni la namna hii: ni la nani, ni kitu gani, lini, kiasi gani. Asiishie kwenye wizi wa wazi. Aandike mshahara aliouchelewesha kwa makusudi, mkopo aliougeuza zawadi kwa kukaa kimya, kifaa alichoazima kikaharibika mkononi mwake, mizani aliyoichezea (Kumbukumbu la Torati 25:13-15), saa alizolipwa bila kufanya kazi. Kiasi kikiwa kimesahaulika, akadirie upande wa juu, kisha ile sehemu ya tano aiongeze juu ya makadirio, isihesabiwe ndani yake.

Nani alipwe kwanza? Wengi huanza na deni dogo kwa sababu ni jepesi, au na mtu mkubwa kwa sababu ya aibu. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inatupa kipimo kingine: kibarua alipwe siku yake kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Basi aanze na yule ambaye fedha hiyo ndiyo chakula chake. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mtu kulala kwako mpaka asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kwa Maandiko, kuchelewesha ni kudhulumu, hata kama mwajiri ana nia ya kulipa mwezi ujao.

Maneno ya kusema yawe machache. Sema: "Nilikupunja kwenye hesabu ya mzigo ule. Nilichukua kiasi hiki. Nimekuletea chote, na hii ni nyongeza yake." Kisha unyamaze. "Kama nilikukwaza, unisamehe" si ungamo, maana linamtwisha aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Usieleze shida zilizokufanya uchukue, na usimkamie akusamehe papo hapo. Kulipa ni wajibu wako. Moyo wake mwachie Mungu na yeye mwenyewe. Akikasirika, msikilize hadi mwisho. Na ikiwa jambo lenyewe ni kosa la jinai, usimwombe alifiche kama sharti la kulipwa.

Usingoje aje yeye. Mathayo 5:23-24 inamtaka anayejua kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza. Mathayo 18:15 inamtaka aliyekosewa naye aende, wakiwa wawili peke yao, kabla ya kuita mashahidi mmoja au wawili, na kabla ya kulifikisha kanisani. Hatua hiyo ya kwanza tunaiua kwa kuanza na "tumwombee ndugu fulani" kwenye kikundi cha simu, na kufika jioni watu hamsini wanalijua kosa kabla mkosaji hajaambiwa.

Nimesikia hoja kwamba haya ni ya Agano la Kale, sisi tumeokolewa kwa neema. Ni kweli tumeokolewa kwa neema, na Zakayo pia: Yesu alisema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajataja hesabu yoyote. Hakununua chochote kwa kurudisha. Lakini neema ilipoingia nyumbani mwake, mifuko ilifunguliwa. Mhubiri anayeishia kwenye ule mkuyu alioupanda Zakayo ili amwone Yesu ameikata habari katikati.

Na asiye na uwezo wa kulipa je? Aende hivyo hivyo, aungame, aandike kiasi, apange awamu ndogo ambazo kweli atazimudu, kwa maana ahadi kubwa isiyotimia ni dhuluma ya pili. Kanisa nalo lina nafasi yake. Katika Filemoni 18-19 Paulo anamwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo, mtumwa wake, amemdhulumu au anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, naye atalipa. Nashauri makanisa yatenge sehemu ya mfuko wa huduma kwa ajili hiyo: mzee wa kanisa akae na mdaiwa, waende pamoja kwa mdai, fedha zifike mkononi mwa mdai moja kwa moja, na karatasi yenye kiasi isainiwe na wote watatu. Mdaiwa aendelee kuurudishia mfuko kidogo kidogo ili mwingine naye asaidiwe.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa kikundi cha Biblia