Kariakoo hatukufukuzwa wote, wengine tuliuza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kumbukumbu za waliokuwa wakazi wa Kariakoo mlizozitoa katika gazeti lenu. Zimenifurahisha, maana na mimi nimezaliwa pale, Mtaa wa Sikukuu, na kitovu changu kimezikwa uani kwenye nyumba ambayo leo ni ghorofa la mabegi ya shule. Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Wote mliowahoji wanasimulia kana kwamba maghorofa yalikuja usiku yakatutoa vitandani. Si kweli. Sisi wenye nyumba wengi wetu tuliuza wenyewe, tukakaa mkekani tukazihesabu noti. Waliofukuzwa ni wengine, na hao hamkuwatafuta.

Nieleze nyumba yenyewe ilivyokuwa, kwa faida ya vijana wanaoijua Kariakoo ya fremu tu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote: kibaraza mbele, mlango, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu uani penye jiko, bafu na choo. Babu yangu alikuwa mwashi, akaijenga polepole, chumba baada ya chumba. Sisi tulikaa vyumba viwili. Vinne vilikuwa vya wapangaji, na kila chumba kilikuwa kaya nzima: kuli wa bandarini na mkewe na watoto, fundi cherehani, karani wa reli, na mama mmoja wa vitumbua aliyeamka kabla ya adhana. Tulifika watu ishirini na ushei, choo kimoja. Waliosimulia katika gazeti lenu wamesema habari za kahawa na kashata barazani, bao, taarabu inayosikika kutoka nyumba ya tatu. Yote hayo yalikuwepo. Mbona hakuna aliyekumbuka foleni ya choo alfajiri, kila mtu na kopo lake? Au masika, maji yakiingia ukumbini na tui la jikoni likielea nayo? Mama yangu akisikia mtu anaisifia Kariakoo ya zamani huuliza kwanza: "Wewe ulikuwa unateka maji, au ulikuwa unaoga tu?"

Hata jina la mahali lenyewe si la raha. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa pale, na midomo yetu ikaligeuza jina likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba mizigo ya vita vya watu wengine, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mitaa bado inawataja bila sisi kujua. Narung'ombe na Mahiwa ni mahali kusini walipopigana Wajerumani na Waingereza mwaka 1917. Nina mpwa anayeuza vifaa vya simu Narung'ombe mwaka wa sita sasa, na mpaka juzi alidhani palikuwa mnada wa ng'ombe. Simlaumu. Hakuna kibao hata kimoja kinachomweleza. Nyumba ilimozaliwa TANU Julai 7, 1954, kwenye mtaa unaoitwa sasa Lumumba, inakumbukwa kila mwaka, na inastahili. Simba na Yanga nazo zina majengo yao, na mashabiki ambao hawajawahi kulala Kariakoo hata usiku mmoja wanajiita wa Msimbazi na wa Jangwani. Nyumba zetu za vyumba sita ndizo hazina wa kuzisemea.

Sasa nije kwenye kuuza. Baba alifariki, akaacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike wanne. Kwa sheria yetu ya mirathi mama ana thumni yake, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume hisa mbili, wa kike moja. Jambo ni rahisi kwenye karatasi. Lakini nyumba haikatwi kama mkate wa mofa. Utamgawiaje dada yako nusu ya ukumbi? Kaka mkubwa alitaka tuipangishe yote na tugawane kodi kila mwezi, tukajaribu, na kabla ya mwaka kuisha ndugu wawili hawasalimiani. Madalali walikuwa wanajua nyumba zote zenye msiba wa karibu. Walikuja na mtu wao mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili na mkoba. Mwaka 1998 tulisaini.

Sitasema tulidhulumiwa. Mimi fungu langu lilininunulia kiwanja Chanika, likapandisha ukuta na bati. Dada zangu mmoja alifungua duka, mwingine fedha zilimwishia kwenye matibabu ya mumewe. Mama alikwenda Makka. Jirani yetu alikuwa mjanja zaidi, akakataa kuuza, akaingia ubia: yeye atoe kiwanja, tajiri atoe ghorofa, na mwisho apewe fremu mbili chini na fleti moja juu. Fremu alipata. Fleti aliikaa miezi michache akashuka, kwa sababu ngazi zote zilikuwa zimegeuzwa stoo za marobota na mkewe hakuweza kupita na ndoo. Naye yuko Mbagala sasa.

Kwa hiyo ninaposikia "mji umetunyang'anya", najikuna kichwa. Mji ulitupa bei, tukaipokea.

Ila wapangaji wetu wanne hawakupewa bei. Walipewa notisi ya mdomo, miezi mitatu, na mnunuzi alipoona hawana haraka akaja kung'oa mabati kwanza upande wao. Mlipoandika kuhusu wakazi wa zamani mlitafuta watoto wa wenye nyumba, kwa sababu sisi tunajulikana, tunakutana kwenye hitma na harusi, tuna picha za babu kibarazani. Lakini hesabu ya vyumba inaonyesha kwamba kwenye nyumba yetu wapangaji ndio waliokuwa wengi. Kariakoo ilikuwa yao kuliko ilivyokuwa yetu.

Tazameni Magomeni Kota, zile nyumba za umma. Wakazi wake nao walikuwa wapangaji, wakatolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikabomolewa, uwanja ukabaki mtupu. Tofauti yao na wa kwetu ni kwamba walikuwa na orodha. Kaya 644, kila mmoja anajulikana na mwenzake anamjua. Waliisumbua Serikali mpaka Rais Magufuli akafika pale mwaka 2016, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yao, wakarudi. Mpangaji wa chumba cha mtu binafsi Mtaa wa Sikukuu alikuwa kwenye orodha ya nani? Alikuwa kwenye daftari la baba yangu tu, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Soko lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, lile la mapaa ya miavuli alilolichora Beda Amuli, simu zililia nyumba nzima huku Chanika, watu wanalia kweli. Mimi pia nililia. Na ghorofa moja la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 likafukia watu, tulikaa macho tukihesabu jamaa wenye fremu karibu na pale. Lakini katika simu zote hizo sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza: wale wapangaji wetu wako wapi?

Daftari hilo ninalo. Nimelifungua wiki hii baada ya kusoma gazeti lenu, na ndilo lililonifanya niandike. Mama wa vitumbua, chumba cha tatu kushoto, alikuwa amelipa kodi ya miezi sita mbele. Alikaa miwili, nyumba ikauzwa. Kila aliyesoma madrasa anajua kuwa deni la marehemu hulipwa kabla ya warithi kugusa kitu. Sisi tulilipa deni la sanda, deni la duka la Mpemba, hata la fundi aliyeziba choo. Hili hakuna aliyelitaja, nami nilikuwa mtu mzima, naliona daftari. Tuligawana na miezi yake minne ndani.

Ndugu zangu watatu tulio hai tumekubaliana kiasi, kwa thamani ya leo. Nitakuwa nimeacha namba yangu ya simu ofisini kwenu. Kama yuko hai, au ana mtoto anayesoma barua hii, aseme tu rangi ya pazia lake la mlangoni na jina alilokuwa akimwita paka wa uani. Nitamjua.

Mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu,
Chanika, Dar es Salaam