Kampuni za intaneti ziruhusu ICMP

Mhariri,

Naendesha saiba Kawangware, na nina ombi kwa kampuni zinazotuuzia intaneti: acheni kuzuia ujumbe wa ICMP, yaani taarifa fupi ambazo mitambo ya mtandao hupeana kuhusu hitilafu, kwenye mitambo yenu.

Mteja anakuja kutuma vyeti vyake vya kuombea kazi. Ukurasa unafunguka vizuri, barua pepe fupi inakwenda, lakini faili ikianza kupanda inakwama palepale, wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Ukipiga simu huduma kwa wateja unaambiwa uzime ruta kisha uiwashe. Haisaidii kitu.

Tatizo ni ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data hukatwa ili kusafiri mtandaoni. Kipimo cha kawaida cha Etheneti ni baiti 1500, lakini laini ya PPPoE, ambapo ruta huingia kwa kampuni kwa jina na nywila, hula 8, zinabaki 1492. Pakiti iliyozidi na isiyoruhusiwa kugawanywa hutupwa, na ruta hutakiwa kumjulisha mtumaji apunguze. Taarifa hiyo husafiri kwa ICMP. Ikizuiwa njiani, mtumaji hurudia pakiti ileile kubwa, nayo hutupwa tena. Zile ndogo zinapita, ndiyo maana fundi akija huapa kwamba laini ni nzima.

Wenzangu wa saiba, kwenye Windows andikeni amri ya kupima laini, ping -f -l 1464, na anwani ya tovuti; ping huongeza baiti 28 za vichwa, hivyo 1464 hufika 1492 na 1472 hufika 1500. Ikijibiwa, kisha 1472 ikanyamaza, mchawi mmemwona. Wekeni MTU (kikomo cha pakiti nzima) 1492 kwenye ruta, na MSS (kikomo cha data iliyomo ndani yake) 1452.

Lakini hiyo ni dawa ya dukani kwetu tu. Mwenye laini ya nyumbani, asiye na fundi, nani atamwambia? Kampuni zifungue ICMP.

Mwenye saiba,
Kawangware, Nairobi