Malengo yaandikwe kabla ya kuvunja kikoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji. Kila ukikaribia mwaka mpya watu hutangaza watakayoyafanya: nitajenga, nitakuza biashara, nitamaliza madeni. Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Muheza, mkoani Tanga. Wanachama wetu wengi ni kina mama wauza vyakula na wenye vishamba vya machungwa. Maneno hayo nayasikia kwao kila Desemba, na daftari la hisa na mikopo hunionyesha yalipoishia.

Ninaloliona ni kwamba wengi hupanga kwa kufuata kalenda ya ukutani wakati fedha yao inafuata msimu. Januari kwetu ni mwezi mkavu. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na mtoto anayekwenda bweni anahitaji godoro na sanduku. Chungwa la msimu mkubwa huvunwa katikati ya mwaka. Sasa mtu aliyeapa kuanza kujenga Januari atatoa wapi fedha? Huishia kumwuzia mlanguzi machungwa yangali machanga mtini, kwa bei ya mlanguzi. Ukifika msimu wenyewe, shamba lipo ila mavuno si yake. Jambo hili linaniuma kwa sababu wanaolifanya ni watu wenye bidii kabisa.

Kikundi chetu huvunja kikoba Desemba, yaani hugawana akiba ya mwaka na faida yake. Siku hiyo, kabla wenye funguo tatu hawajafungua sanduku, kila mwanachama husema anachokitaka mwakani na wenzake humhoji. Mama mmoja muuza maandazi alisema anataka kukuza biashara. Mwenyekiti akamwuliza, "Dada, ngano unanunuaje?" Akajibu kwamba ananunua kwa kilo, duka la jirani. Kwa nini si kiroba? Kwa sababu fedha ya maandazi ya asubuhi ndiyo inayonunua mboga ya jioni, na kesho yake anaanza upya, pengine kwa kukopa. Tukakaa naye hapo muda mrefu, maana shida yake ilikuwa imejificha mahali ambapo hata yeye hakupatazama. Mwishowe lengo lake likaandikwa hivi: katika mgao wake anunue kiroba kimoja cha kilo 25; kisha kila siku, kabla ya kugusa fedha ya mboga, atie kwenye kibubu thamani ya ngano aliyoitumia, kiroba cha pili kinunuliwe na kibubu hicho. Mwisho wa Machi tulimwuliza swali moja tu: uko kwenye kiroba au umerudi kwenye kilo? Alikuwa kwenye kiroba. Biashara yake haijawa kubwa, lakini hakopi tena ngano.

Kwa wanaotaka nyumba tunapiga hesabu mbele yao. Anayeweka hisa moja ya shilingi 5,000 kila wiki atamaliza wiki 52 akiwa na shilingi 260,000, kabla ya faida. Hiyo haimalizi nyumba, na ni afadhali aambiwe mapema. Ni fedha ya kuanzia matofali, nayo matofali ya kuchoma hupigwa mvua za masika zikishakatika. Basi lengo la mwaka huo liwe matofali, yawe yamechomwa na kupangwa kabla ya vuli. Msingi ni wa mwaka mwingine. Bati lina zamu yake.

Najua wapo watakaosema mipango si matumizi, na kwamba ugonjwa au msiba hauna ratiba. Ni kweli. Ndiyo maana tuna mfuko wa jamii, tofauti na hisa, ili mtoto akiugua mama asikimbilie fedha ya kiroba.

Nina maombi mawili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi kama chetu visajiliwe, na usajili wenyewe hufanyika halmashauri. Maofisa maendeleo ya jamii wanaokagua katiba na daftari zetu wapange kuhudhuria siku ya kuvunja kikoba, wasikilize malengo ya watu, kisha warudi katikati ya mwaka kuuliza yamefika wapi.

Ombi la pili ni kwako, Mhariri. Mwezi Desemba, pamoja na salamu za heri, tuchapishie ukurasa wa bei za jumla za ngano, saruji, bati na sare za shule, na miezi ambayo mazao ya kila mkoa huingia sokoni. Ukurasa huo nitaubandika ukutani tunapofanyia vikao.

Katibu wa kikoba,
Muheza, Tanga.