Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Balozi: Ile simu ya dharura ni ya nani?

Kwako Mheshimiwa Balozi,

Yah: Simu ya dharura ya ubalozi kutopokelewa

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pole na majukumu. Picha za hafla ya wiki iliyopita nimeziona kwenye ukurasa wa ubalozi, zimependeza na wageni walikuwa wengi. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizowahi kuleta mapokezi kwa mkono zina mihuri yenu ya kupokelewa, na hadi leo muhuri ndio jibu pekee nililopata.

Usiku wa hafla hiyo mwenzetu mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Alfajiri akafariki. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana, nasema tu yalitokea usiku mmoja.

Hospitali ilitaka vitu viwili: namba ya pasipoti yake na mawasiliano ya ndugu yeyote wa karibu. Pasipoti iko kwenye kabati la mwajiri, na kabati hufunguliwa mwajiri akijisikia. Simu yake ilivunjika alipoanguka. Lakini ubalozi wako unavyo vyote viwili, Mheshimiwa, kwa kuwa mwaka 2020 mipaka ilipofungwa mlitutangazia kila raia ajiandikishe, na marehemu alijiandikisha. Tulijaza ile fomu pamoja. Ina sehemu nzima ya mtu wa kujulishwa wakati wa dharura, hadi uhusiano wake na wewe na mahali anapoishi. Mimi nilijaza jina la mama yangu. Yeye alijaza la mama yake.

Muuguzi wa zamu akapiga ile namba mbele ya macho yangu, akiwa ameweka spika. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, safari hii ikapokelewa na sauti ya kurekodiwa, ya upole kabisa, ikashukuru kwa kupiga, ikataja saa za kazi, kisha ikasema kama una dharura piga namba ifuatayo. Namba iliyofuata ilikuwa ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa amepiga. Muuguzi akanitazama, akaniuliza kwa heshima kama kweli nchi yetu ina ubalozi hapa. Nikamjibu upo, tena ni mkubwa. Nilikutetea, Mheshimiwa.

Mama wa marehemu alipata habari kabla hatujampata yeye. Kuna mtu wa kule kazini alipiga picha, picha ikatembea kwenye makundi ya simu, ikavuka mipaka bila viza, na mama akaiona mikononi mwa kijana wa jirani. Hivyo ndivyo alivyoambiwa kwamba mwanawe amekufa.

Utakumbuka mkutano wako wa kwanza na sisi wanadiaspora. Ulisema, na tukakupigia makofi, kwamba hakuna raia atakayebaki peke yake huku wewe ukiwa kwenye kiti hicho, na kwamba kuanzia siku ile kungekuwa na namba ya kupatikana saa 24. Tukagawiwa stika. Yangu niliibandika mgongoni mwa simu, tarakimu za mwisho zimeanza kufutika ila nimeshazishika kichwani. Siku hiyo hiyo tuliitwa mashujaa wa uchumi. Hilo neno linarudi kila mkutano, na kusema kweli lina msingi: mwaka 2024 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba fedha ambazo watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati hutuma makwao zingefikia dola bilioni 685, zaidi ya uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje na misaada ya maendeleo vikijumlishwa. Tukituma pesa tunaonekana hadi senti ya mwisho. Tukipiga simu hatuonekani.

Sina nia ya kukufundisha kazi. Ila baada ya usiku ule usingizi ulinipotea, nikakaa nikausoma Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli, ule wa 1963. Ibara ya 5 inazitaja kazi za konseli, yaani ofisa wa nchi anayewahudumia raia wake walio ugenini, na miongoni mwake ni kutoa pasipoti na kuwasaidia raia wa nchi yake. Ibara ya 37 inaitaka nchi mwenyeji, raia wa kigeni akifia kwake, imjulishe konseli wa nchi ya marehemu bila kuchelewa. Kwa hiyo yule muuguzi alikuwa akijaribu kuutekeleza mkataba, pengine bila hata kujua kwamba upo. Waliotakiwa kujulishwa ndio hawakuwepo.

Ibara ya 36 nayo inahusu sisi tulio hai. Ukikamatwa ugenini una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, na wanaokushikilia wanapaswa kukueleza haki hiyo bila kuchelewa. Ujerumani iliipeleka Marekani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa sababu ya ibara hiyo, ikiwatetea ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, waliohukumiwa kifo jimbo la Arizona bila kuelezwa haki yao kwa wakati. Wote wawili waliuawa 1999. Ujerumani haikuiacha kesi, na mwaka 2001 ikashinda. Hao walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji katika jaribio la kuiba benki, na bado nchi yao iliwapigania hata baada ya kufa. Mwenzetu kosa lake lilikuwa kuanguka.

Sijui nini kinaikwamisha simu yetu. Wapo wanaosema ofisa aliyekabidhiwa alihamishwa akaondoka na laini. Wengine wanasema simu ipo, imefungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo hutoka saa tisa. Mimi nahisi ni bajeti, maana kumlipa mtu posho ya kukesha si jambo la kupigwa picha. Huenda nakosea. Kama nakosea nirekebishe, maana hata kurekebishwa kutakuwa ni jibu.

Kuna jambo ambalo nadhani watu wenye pasipoti za kidiplomasia hulisahau. Sisi tunaishi na hofu ambazo ukizieleza nyumbani unaonekana unadeka. Ukisema unaogopa, unaambiwa si uko ulaya, kila mahali ni ulaya ukishapanda ndege. Kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye kazi yangu: kazi ikiondoka, kibali kinafuata, kibali kikifuata na akaunti ya benki inasimamishwa, mwenye nyumba anaomba kuona karatasi mpya, shule ya watoto nayo inaomba. Kwa hiyo naumwa mgongo kimyakimya. Sitaki msimamizi ajue, maana mgeni mgonjwa ni wa kwanza kukosa mkataba. Mgeni mmoja akifanya uhalifu mahali, hata kama anatoka bara ambalo sijawahi kulikanyaga, kesho yake wote tunapunguza sauti kwenye basi. Hakuna aliyetuambia tupunguze. Uchaguzi ukikaribia tunakuwa mada ya mikutano ya hadhara, na mwanangu mdogo aliniuliza iwapo hao watu wa kwenye televisheni wanatufahamu.

Simu ya usiku kutoka nyumbani ni hofu nyingine. Ikiita saa nane usiku moyo unasimama kabla mkono haujaifikia. Namshukuru Mungu mara nyingi ni mtu aliyesahau tofauti ya saa. Lakini yupo miongoni mwetu aliyemzika baba yake kupitia skrini, akiwa amesimama kwenye stoo ya kazini, kwa sababu ruhusa ilikataliwa. Na hatusemi sana kuhusu uzee. Tunakatwa mafao hapa kila mwezi, na kama nchi hizi mbili hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii, miaka ya hapa haihesabiki kule na ya kule haihesabiki hapa. Niliwahi kuuliza suala hilo kwenye mkutano. Niliambiwa linafanyiwa kazi.

Sasa nije kwangu mwenyewe, maana nisiposema nitakuwa nimejifanya mtetezi wa wengine tu. Pasipoti yangu iko kwenu kwa ajili ya kuhuishwa. Niliileta mapema kwa kuwa nchi nyingi hazikuruhusu kuingia kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, na mama yangu hali yake si nzuri. Nilipewa risiti. Ni ile karatasi ya mashine inayofifia, Mheshimiwa, nadhani unaijua. Nimeitia kwenye plastiki, nimeitoa nakala, lakini asili yenyewe imekuwa nyeupe kabisa pale kwenye tarehe. Askari akinisimamisha namtolea karatasi nyeupe yenye nembo ya taifa juu. Wa juzi aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni nchi yangu.

Alicheka, akaniachia. Siku akisimama asiyecheka nitaitwa mtu asiye na vibali, na nitakuwa na haki yangu ya ibara ya 36, na nitaomba ubalozi ujulishwe, nao watapiga ile namba. Unaona ninapoelekea?

Nikiuliza dirishani naambiwa vitabu vya pasipoti havijafika. Wiki nyingine mtandao wa makao makuu uko chini. Wiki nyingine ofisi imefungwa, maana ninyi mnapumzika sikukuu za nyumbani na za hapa pia, jambo ambalo sina kinyongo nalo, ila laiti dharura nazo zingekuwa na kalenda.

Na pasipoti zinazoshikiliwa na waajiri tutanyamaza hadi lini? Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Haki za Wafanyakazi Wahamiaji na Familia zao, wa 1990, ulioanza kutumika 2003, unakataza mtu yeyote kumnyang'anya mfanyakazi hati zake isipokuwa ofisa wa serikali aliyepewa mamlaka na sheria. Najua nchi nyingi zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia. Lakini Shirika la Kazi Duniani limeweka kushikiliwa kwa hati za utambulisho kati ya viashiria 11 vya kazi za kulazimishwa, na pasipoti kwa kawaida ni mali ya serikali iliyoitoa, si ya kabati la bosi. Barua moja tu yenye nembo, ikisema hiyo ni mali yetu irudishe, ingelifungua lile kabati. Mliombwa kuiandika. Muhuri wa kupokelewa upo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka orodha ya wanasheria, mkataba wa mafao, dawati la wafanyakazi wa majumbani ambao hata siku ya mapumziko hawana, mfuko wa kusafirisha miili ili tusiwe tunapitisha daftari la michango kila mtu anapofariki. Yote bado nayataka. Lakini nimejifunza kwamba ukiomba kumi kwenu unaahidiwa kumi. Kwa hiyo naomba moja. Awekwe mtu apokee simu. Hata asiwe na majibu, hata akisema subiri niulize, hata akiwa amekasirika kwa kuamshwa. Awe binadamu, awe na ile orodha tuliyojiandikisha, na awe macho. Kama ofisi haina wa kukesha, jumuiya yetu ina watu wanaofanya kazi zamu za usiku na wako tayari kupokezana bure. Tulishaandika kulisema hilo pia.

Apokee simu, Mheshimiwa. Sina jinsi nyingine ya kulisema.

Mwili wa mwenzetu bado uko mochwari. Unasubiri barua ya ubalozi ya kuruhusu usafirishwe, na kila siku inayopita inaongezwa kwenye ankara ambayo tutailipa sisi mashujaa wa uchumi. Mama yake anapiga kila asubuhi kuuliza lini. Nimemwambia wiki hii, bila kuwa na uhakika, kwa sababu Jumatatu ni sikukuu ya hapa na Jumanne ni ya nyumbani. Ofisi itafungwa siku zote mbili, hilo najua. Nitapiga hata hivyo, Jumatatu asubuhi, na Jumanne asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Raia aliyejiandikisha, na ambaye namba yake mnayo

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Nje